Orodha ndefu ya Task Manager: huduma za chinichini hufanya nini hasa

Washa kompyuta ya Windows, usifungue kitu, kisha bonyeza Ctrl+Shift+Esc na uhesabu mistari inayotokea kwenye Task Manager, dirisha linaloorodhesha kila kinachoendeshwa. Mara nyingi inapita mia. Activity Monitor ya macOS itakuonyesha hali ileile, na kwenye Linux amri ya ps -e haitatofautiana sana. Hapo ndipo swali huzaliwa: sijafungua chochote, hawa wote wametoka wapi? Kuna wanaoamini ni virusi. Kuna wanaofuata ushauri wa kuzima kila kinachoitwa "huduma isiyo ya lazima", halafu kesho yake printa haichapishi, sauti haitoki, au masasisho ya usalama yamekwama na hakuna anayekumbuka kilizimwa kipi.

Woga huo unatokana na kuchanganya mambo mawili: kuwapo na kufanya kazi. Karibu orodha yote hiyo imelala. Ukishaelewa inalala vipi na huamshwa na nani, utajua lini uiache na lini kweli kuna tatizo.

Kwanza maneno. Programu ni faili iliyokaa kwenye diski. Ikifunguliwa, mfumo huipakia kwenye memori na kuipa namba yake, na hapo huwa mchakato. Programu moja yaweza kuzaa michakato mingi. Vivinjari vya leo huanzisha kadhaa kwa wakati mmoja ili kurasa zisiangushane. Huduma ni mchakato ambao haukungoja wewe uufungue, hauna dirisha, na kazi yake ni kuhudumia programu nyingine au mfumo wenyewe. Ndiyo inayotambua flashi uliyochomeka, inayopanga foleni ya printa, inayorekebisha saa kupitia intaneti, inayotafuta Wi-Fi unayoifahamu.

Katika ulimwengu wa Unix huduma hizi huitwa daemon, jina lililoanza kutumika mwaka 1963 kwenye Project MAC ya chuo cha MIT, Marekani. Halihusiani na mashetani. Waliliazima kwenye jaribio la kimawazo la mwanafizikia James Clerk Maxwell, lenye kiumbe mdogo anayechambua molekuli bila kuonekana wala kuchoka. Ndiyo maana majina mengi ya huduma huishia na herufi d: cupsd, udisksd, launchd, systemd.

Kengele ya mlangoni

Mtu anayetarajia mgeni ana njia mbili. Anaweza kwenda mlangoni kila dakika kuchungulia, au anaweza kufunga kengele na kulala. Huduma iliyoandikwa vizuri hufunga kengele. Hukiambia kiini cha mfumo (kernel, sehemu inayosimamia prosesa, memori na vifaa), "niamshe kikitokea kitu fulani", kisha huondolewa kwenye zamu ya prosesa kabisa. Haitumii hata sehemu ndogo ya sekunde mpaka tukio hilo litokee. Ndiyo maana safu ya CPU (prosesa) kwenye Task Manager imejaa sufuri tupu.

Huduma mbaya ndiyo ile inayochungulia. Ikiamka mara kadhaa kila sekunde kuuliza "kuna jipya?", prosesa haipati nafasi ya kuingia usingizi mzito, na betri ya laptopu huisha hata kama asilimia inayoonekana ni ndogo. Kwenye Linux chombo kiitwacho powertop huonyesha ni mchakato upi unaamsha prosesa mara nyingi kwa sekunde. Kwenye macOS, Activity Monitor ina kichupo cha Energy. Namba hizo hueleza hali ya betri yako vizuri kuliko urefu wa orodha.

Mifumo ya leo imekwenda mbali zaidi: huduma nyingine haziwashwi kabisa mpaka ziitwe. Kwenye Linux, systemd, msimamizi wa huduma nyingine, iliyotoka mwaka 2010, hushika mlango kwa niaba ya huduma. Mgeni akibisha ndipo huduma inapoanzishwa na kukabidhiwa ombi. launchd ya Apple ilikuwa ikifanya hivyo tangu Mac OS X 10.4 ya mwaka 2005. Windows nayo ina huduma zinazoanzishwa na tukio, na zile zenye alama ya Automatic (Delayed Start), ambazo hungoja kama dakika 2 baada ya nyingine kumaliza kuanza, ili zisigombanie diski wakati unajaribu kuingia.

Za mfumo na zako

Huduma ziko za daraja mbili, na kutolijua hili huzaa mkanganyiko mwingi. Za kwanza ni za mfumo: huanza kabla mtu yeyote hajaweka nywila, na huendelea hata mkitoka wote. Za pili ni za kikao chako: huanza unapoingia, huendeshwa kwa mamlaka yako, na hufa unapotoka. Apple huzitenga wazi katika folda za LaunchDaemons na LaunchAgents. Kwenye Linux, systemctl peke yake huzungumza na za mfumo, na systemctl --user huzungumza na zako. Windows, tangu Vista, huziweka huduma za mfumo katika kikao nambari 0, ambacho hakifiki kwenye skrini yako hata kidogo.

Kwa hiyo mtu akilalamika kwamba huduma aliyoizima kwa mamlaka ya msimamizi imerudi, mara nyingi alizima ya daraja moja huku inayomsumbua iko daraja jingine. Vilevile, sauti ikifanya kazi kwa mtumiaji mmoja na kukataa kwa mwingine kwenye kompyuta ileile, vifaa havina kosa. Tafuta kwenye huduma za kikao.

Flashi inapochomekwa

Tukio hili huchukua sekunde moja au mbili, lakini ndani yake kuna mnyororo mzima. Tuchukue Linux yenye GNOME (mazingira yake ya madirisha na ikoni), kwa kuwa kila pingili ya mnyororo inaonekana.

Kiini cha mfumo huhisi umeme kwenye tundu la USB, huuliza kifaa "wewe nani?", hupata jibu kwamba ni cha kuhifadhia data, na hukipa jina kama /dev/sdb. Habari hizo hupelekwa kwa udev, huduma inayosimamia vifaa, ambayo husoma aina ya mfumo wa faili na lebo yake. Huduma ya udisksd, ya daraja la mfumo, ilikuwa imelala ikingoja habari za namna hiyo. Huamka, huandika kwenye daftari lake, na hutangaza kwenye D-Bus. D-Bus ni kama kipaza sauti cha jengo zima: huduma husema pale, na anayehusika husikia. Katika kikao chako, mfuatiliaji wa diski wa gvfs (huduma za faili za GNOME) husikia tangazo na kumwomba udisksd aifungue flashi. Udisksd haikubali tu. Humuuliza polkit, mlinzi wa ruhusa, kama mtumiaji aliye mbele ya skrini anaruhusiwa. Ikikubaliwa, flashi hufunguliwa ndani ya /run/media au /media, kwenye folda yenye jina lako, na meneja wa faili huchora ikoni.

Hakuna hata mmoja kati ya hao anayejua kazi yote. Kila mmoja anajua hatua yake na anayemfuata, na huo ndio uimara wa mpangilio wenyewe, kwa sababu mmoja akianguka mara nyingi huinuliwa peke yake bila wengine kusimama.

Faida yake kwa anayetafuta kosa ni kubwa. Flashi isipoonekana, andika lsblk, amri inayoorodhesha diski, kwenye terminali. Ikiwa haimo, mnyororo umekatika mwanzoni: tundu, waya au flashi yenyewe, na kuwasha upya huduma yoyote hakutasaidia. Ikiwa imo lakini meneja wa faili haionyeshi, kiini kimefanya kazi yake na kosa liko mbele. Jaribu udisksctl mount -b /dev/sdb1, ukitumia jina uliloliona kwenye lsblk. Ikifunguka, tatizo liko kwenye huduma za kikao chako, na kutoka kisha kuingia tena mara nyingi hutosha.

Kisha kuna suala la kuchomoa. Mstari wa kunakili umefika mwisho, dirisha limejifunga, mtu anachomoa, na nyumbani anakuta faili limeharibika. Sababu ni kwamba Linux huweka data kwanza kwenye memori, kwa kuwa memori ina kasi kuliko flashi. Kwa mipangilio ya kawaida, mwandishi wa chinichini huamka kila sekunde 5 na kupeleka kwenye diski data iliyokaa zaidi ya sekunde 30. "Nimemaliza kunakili" ina maana nimeikabidhi kwa kiini. Kubofya alama ya kutoa flashi ndiko kunakolazimisha iliyobaki iandikwe yote. Windows 10, kuanzia toleo la 1809, iliacha kutumia akiba hiyo kwa flashi kama hujaiwasha mwenyewe, kwa hiyo hatari ni ndogo, ingawa haijaisha: kuna programu zinazoendelea kuandika zenyewe.

Ukiambiwa kifaa kinatumika ilhali umefunga kila kitu, andika fuser -vm ukifuatisha njia ya folda ya flashi. Mara nyingi utakuta terminali iliyobaki ndani ya folda hiyo, au huduma inayotengeneza vijipicha vya faili.

Foleni ya printa, na kwa nini kuzima kompyuta hakusaidii

Ukibonyeza Print, programu haizungumzi na printa moja kwa moja. Humkabidhi kazi mpangafoleni, Print Spooler, kisha hukurudishia dirisha lako uendelee kuandika. Bila yeye ungekaa ukitazama skrini iliyoganda mpaka ukurasa wa mwisho utoke.

Kwenye Windows, kila kazi huandikwa kama faili mbili ndani ya C:\Windows\System32\spool\PRINTERS: yenye kiambishi SPL hubeba kurasa zenyewe, na yenye SHD hubeba maelezo ya nani ametuma na kwa printa ipi. Kazi moja ikiharibika, iliyo nyuma yake haiwezi kupita. Watu huzima kompyuta na kuiwasha, na kazi iliyokwama inawangoja palepale. Faili hizo ziko kwenye diski, wala si kwenye memori. Huduma ikiamka husoma folda na kuendelea ilipoishia. Imeundwa hivyo makusudi, ili umeme ukikatika usipoteze kazi zako.

Dawa ni kuisimamisha huduma kabla ya kufuta. Bonyeza Windows+R, andika services.msc, tafuta Print Spooler, bofya Stop. Fungua folda ya PRINTERS ukiwa na haki za msimamizi, ufute faili zilizomo lakini uiache folda yenyewe. Rudi, bofya Start. Ukijaribu kufuta huduma ikiwa hai, utakataliwa kwa sababu imezishikilia. Kwenye macOS na Linux kazi hii ni ya CUPS, mfumo wao wa kuchapisha: lpstat -o huonyesha foleni, cancel -a huifuta. Printa ikiwa imesimamishwa baada ya kosa, cupsenable na jina lake huifungua.

Spooler hiyohiyo inatufundisha lini kuzima huduma ni uamuzi sahihi. Mwaka 2021 iligundulika dosari iliyopewa jina PrintNightmare. Kwa kuwa huduma hii huendeshwa kwa mamlaka ya juu kabisa ya Windows, aliyeidanganya alipata mamlaka hayo. Masasisho yalitolewa, na ushauri kwa wasimamizi wa seva zisizochapisha kitu ulikuwa waizime kabisa. Kipimo kilikuwa mamlaka iliyo nayo na kama inahitajika, wala hakuna aliyetaja megabaiti za memori.

Zamu za usiku

Kazi nyingine haziamshwi na tukio, huamshwa na saa. Babu yao ni cron ya Unix, iliyokuwamo katika toleo la saba la mwaka 1979. Leo Windows ina Task Scheduler na Linux ina saa za systemd, ambazo utaziona zote kwa systemctl list-timers, pamoja na lini kila moja ililia na lini italia tena.

Hapa ndipo lilipo jibu la lalamiko maarufu: "nikiondoka kwenye kompyuta, feni inaanza kuvuma." Ni kweli, na imepangwa hivyo. Matengenezo ya kujiendesha ya Windows yamewekwa saa nane usiku. Kompyuta ikiwa imezimwa saa hiyo, kazi hubaki kiporo na hufanywa baadaye wakati huitumii: kuchunguza virusi, kupanga diski, kutayarisha masasisho. Ukigusa kipanya, kazi husimama. Anayeizima kompyuta mara tu amalizapo, kila siku, huzikusanya kazi hizo mpaka zinapomwangukia asubuhi ana haraka. Kuiacha ikiwa imechomekwa kwenye umeme kwa saa moja bila kuigusa huondoa tatizo hilo bila kuzima chochote.

Huduma ya utafutaji ni ya kundi hili pia. Windows huiita SearchIndexer, macOS ina mds na wenzake wa mdworker, KDE, mazingira mengine ya Linux, ina Baloo. Husoma faili zako na kutengeneza faharasa kama ile ya mwisho wa kitabu, ili ukitafuta neno isilazimike kufungua kila faili. Siku ya kwanza baada ya kuweka mfumo mpya au kuhamisha picha elfu kadhaa, itafanya kazi kwa saa nyingi. Kuiua katikati ni kuirefusha, kwa kuwa huamka na kuendelea na kilichobaki, na nyingine hulazimika kuhakiki upya.

Imani tatu za kuacha

Ya kwanza: svchost.exe nyingi ni virusi. Svchost ni ganda linalobeba huduma za Windows. Zamani ganda moja lilibeba huduma nyingi, na moja ikianguka ilianguka na wenzake. Kuanzia Windows 10 toleo la 1703, kompyuta yenye RAM (memori) inayozidi GB 3.5 huipa karibu kila huduma ganda lake, kwa hiyo wingi wake ni dalili ya utenganisho. Cha kuchunguza ni mahali: bofya kulia, chagua Open file location, na halali hukaa C:\Windows\System32. Iliyo kwenye folda ya Downloads au ndani ya AppData, hiyo ndiyo ya kutilia shaka.

Ya pili: RAM iliyojaa ni kompyuta iliyochoka. Mfumo hutumia memori isiyo na kazi kuhifadhi faili ulizosoma karibuni, na huiachia papo hapo programu ikiihitaji. Kwenye Linux andika free -h na uangalie safu ya available, si free. Kwenye Mac angalia rangi ya Memory Pressure. Ikiwa ya kijani, hakuna tatizo, hata kama memori yote imetumika.

Ya tatu ndiyo inayoniuma zaidi kwa madhara yake: kwamba kuzima huduma ishirini hurudisha kasi. Huduma zilizolala hazikuwa zikikupunguzia kasi. Kompyuta nzito inapowaka mara nyingi ina diski ya kuzunguka, ambayo kichwa chake cha kusomea hulazimika kurukaruka kati ya kichunguza virusi, faharasa na SysMain, huduma inayopakia mapema programu unazozipenda. Kubadilisha diski hiyo kwa SSD, diski isiyo na sehemu inayozunguka, hufanya kile ambacho orodha za kuzima huduma huahidi tu. Ukitaka kupunguza mzigo bila hatari, gusa programu zinazojianzisha unapoingia: kichupo cha Startup apps kwenye Task Manager, Login Items kwenye mipangilio ya macOS, folda ya ~/.config/autostart kwenye Linux. Humo hujaa vizindua vya michezo na wasaidizi wa printa usiyonayo tena, na kuviondoa hakuvunji mfumo.

Moja ikishikwa na kichaa

Huduma ikikaa juu ya asilimia 25 ya prosesa kwa zaidi ya nusu saa huku hujanakili faili wala kusasisha kitu, hapo uliza. Kwenye Windows bofya kulia mstari huo, chagua Go to service(s) upate jina halisi, kisha fungua Event Viewer, sehemu ya Windows Logs, System. Kwenye Linux anza na systemctl --failed, halafu journalctl -u na jina la huduma. Kwa za kikao chako ongeza --user kwa zote mbili. Soma mistari ya mwisho kabla ya kugusa kitu. Kosa moja linalojirudia kila sekunde chache huwa linataja faili au kifaa chenye shida, na hicho ndicho cha kushughulikia.

Usishangae ukiiua ikafufuka. Wasimamizi wa huduma hulipwa kwa kazi hiyo: kwenye Windows kichupo cha Recovery huamua kifanyike nini ikianguka mara ya kwanza, ya pili na zinazofuata. systemd nayo ina ukomo wa kawaida wa majaribio 5 ndani ya sekunde 10, kisha huiacha huduma ikiwa imeandikwa failed. Ukiona neno hilo, sababu bado ipo, na kuianzisha kwa nguvu kutaleta jibu lilelile.

Kuzima nako kuna saa yake. Ujumbe wa "A stop job is running" kwenye Linux, wenye kuhesabu hadi dakika 1 na sekunde 30, ni systemd ikiipa huduma muda wa kufunga faili zake kabla ya kuiondoa kwa nguvu. Kuzima kwa kitufe katika sekunde hizo ni kumkata kauli anayeandika. Ngoja ziishe, washa tena, kisha andika journalctl -b -1 -e. Karibu na mwisho wa kumbukumbu hizo utaliona jina la huduma iliyochelewa.